Vyumba Vinne na Koti Moja

Binti yangu Chemutai alinipa muda hadi shule zifungwe. Tulikubaliana jikoni, siku ya ukumbusho wa mama yake, wageni wakiwa wameshaondoka na yeye akikwangua sufuria ya wali. Alisema vyumba vyangu vinne vya kupangisha vikipata watu kabla ya shule kufungwa, nitabaki hapa Silibwet na hatanisumbua tena. Vikikaa vitupu, nitafunga mlango, nimwachie jirani ng'ombe, niende kuishi naye Nakuru.

"Si vyote vinne," nilimwambia. "Sema vitatu."

"Baba, umeanza kupunguza na hujapata hata mmoja?"

"Vitatu."

"Haya, vitatu. Lakini wawe watu. Usiweke magunia ya mahindi uniambie ni mpangaji."

Nakuru sina ubaya nayo. Nilikaa huko wiki mbili baada ya mazishi, ghorofa ya tatu, na Chemutai alinitunza kama yai. Lakini kila siku niliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukamua, nikajikuta nimesimama jikoni na kikombe mkononi, nikitazama paa la jirani. Siku moja nilivaa gambuti kabisa. Chemutai alinikuta nazo sebuleni, akacheka mpaka akalia, na nadhani siku hiyo ndiyo alianza kuniogopea.

Wazo la vyumba lilikuwa la Rebeccah, mke wangu. Mimi nilikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai kwa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kusoma mizani. Yeye ndiye aliyechuma. Kila Oktoba bonasi ya chai ilipoingia alisema maneno yale yale: shamba letu limegusa lami, walimu na wauguzi wanatafuta mahali pa kulala, na sisi hapo tumepanda nyasi. Bonasi moja ikaweka msingi. Nyingine ikapandisha kuta. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha, alipougua, na hazikuwa zimepata paa alipofariki. Bonasi iliyofuata ilikuwa ya majani aliyochuma yeye mwenyewe kabla ya kulala kitandani. Sikutaka iende kwenye kitu kingine. Nikaezeka.

Kuhusu kupangisha sikujua chochote. Weldon, fundi aliyenijengea, alinishauri niende Bomet nikaone vyumba vya wengine.

"Jifanye unatafuta nyumba," alisema. "Ukisema wewe pia unajenga, watakuonyesha mlango wa kutoka."

Nikavaa suti ya kanisani nikaenda. Mlinzi wa ploti ya kwanza alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akaniuliza kwa huruma, "Mzee, umefukuzwa nyumbani?" Nikasema ndiyo, maana sikuwa na jibu lingine tayari. Alinionyesha vyumba vyote kwa upole mkubwa, na nilipokuwa naondoka akaniambia nisikate tamaa, wanawake huwa wanatulia.

Nilizunguka ploti sita siku hiyo na daftari mfukoni. Niliandika habari za sakafu, dari, rangi na kufuli. Nilijifunza kwamba kila chumba kiwe na mita yake ya stima, la sivyo watu watagombana kwa sababu ya pasi. Nilijifunza kwamba tanki likae juu, maji yateremke yenyewe. Kitu kimoja sikufanya. Sikwenda nyuma ya nyumba yoyote. Kwetu mwanamume hapiti nyuma ya nyumba ya mtu asiyemjua. Huko ni kwa wenyewe, huko ndiko mama wa nyumba yuko. Nikasimama mbele mlango baada ya mlango, nikaandika, nikashukuru, nikaenda zangu.

Vyumba vyangu vikatoka vizuri. Vigae chini, dari nyeupe, mita nne ukutani zimejipanga kama wanafunzi. Weldon alichora kibao: VYUMBA SAFI. MAJI. STIMA. Tukakipigilia kando ya barabara, nikakaa kwenye kiti kusubiri watu.

Watu walikuja. Wa kwanza alikuwa Jerusa, mwalimu wa shule ya msingi iliyo hapa chini. Aliingia, akagusa ukuta, akafungua bomba, akatabasamu. Akatoka nje, akatazama uwanja, akatazama juu mbinguni. Kisha akasema, "Ni pazuri, mzee. Nitakupigia." Hakupiga. Akaja muuguzi. Akaingia, akatabasamu, akatoka, akatazama uwanja, akatazama juu. Atanipigia. Akaja Momanyi, anayetengeneza pikipiki pale sokoni, pamoja na mkewe na mtoto wa miezi mitano. Momanyi alitaka kulipa pale pale. Mkewe akatoka nje na mtoto mgongoni, akatazama juu, akamwita pembeni. Watanipigia.

Nilianza kufikiri wote ni watu wa maombi.

"Ni rangi," alisema Weldon. "Hiyo kijani ni ya dispensari."

Tukapaka upya, rangi ya maziwa. Wakaja wengine wawili, wakatazama juu, wakaenda.

"Basi ni ng'ombe," akasema Weldon. "Watu wa mshahara hawapendi harufu."

Ng'ombe wetu anaitwa Ndanai, kwa sababu tulimnunua soko la Ndanai, na zizi lake liko katikati ya uwanja, hatua kumi kutoka kwenye vyumba. Nilimwogesha kwa sabuni ya kuogea. Alisimama akinitazama kwa dharau. Weldon alipopita jioni alimnusa, akaninusa mimi, akasema kama ni harufu basi aliyebaki kuogeshwa anajulikana.

Chemutai alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Umepata wangapi?"

"Wanafikiria."

"Wote?"

"Ni uamuzi mkubwa."

"Baba, nimekuwekea kitanda kando ya dirisha. Unaweza kuona hata lori za maziwa zikipita."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu shule zifungwe alipokuja Wakonyo. Nilimjua kwa sura tu. Anauza mitumba soko la Silibwet, mama wa makamo mwenye sauti ya kuuzia, na Kiswahili chake kina Kikuyu kidogo na Kipsigis kingi, kwa sababu alizaliwa Kipkelion, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Murang'a. Alifika saa saba mchana na furushi kichwani. Nikachukua funguo. Yeye akanipita, akapita na milango yote minne, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilibaki nimeshika funguo kama mtoto aliyeshika barua ya mwalimu.

Alirudi akiwa ameshika kiuno.

"Mzee, hapa naanika wapi?"

Nikamwonyesha waya uliofungwa kati ya miti miwili ya saipresi.

"Pale?"

"Pale."

"Hapa Silibwet?" Akatazama juu. "Hilo wingu la kutoka Mau unaliona? Hii mvua inanyesha saa ngapi kila siku?"

"Saa nane. Siku nyingine saa nane na nusu."

"Na huyo mwalimu anatoka shule saa kumi. Nani atamwanulia? Wewe?"

Nikazitazama funguo mkononi.

"Muuguzi akifua yunifomu leo, kesho ataivaa mbichi? Mwenye mtoto, nepi atazikausha na pumzi? Umetuwekea vigae, Mungu akubariki. Sasa nguo nizilaze kwa vigae?" Aliteremsha furushi. "Kwani wewe zako zinakauka wapi?"

Hapo nikaona aibu kusema ukweli. Nguo zangu Chemutai huzibeba kila mwisho wa mwezi, akazirudisha zimekunjwa. Na kabla ya hapo alikuwepo Rebeccah. Ikifika saa nane, popote alipokuwa, hata katikati ya majani ya chai na kikapu mgongoni, ungesikia sauti yake: "Nguo!" Chemutai alikuwa akikimbia, na ndugu zangu wakiwa wamekuja kutembea wakikimbia, na kuku wakikimbia kwa sababu watu wanakimbia. Mimi nilikuwa nikiinua redio ili wapite. Mashati yangu yalimalizikia jikoni juu ya moto. Kwa miaka ishirini na sita nilisoma mizani nikinuka moshi, na nilidhani hiyo ndiyo harufu ya shati.

"Sijui," nilimwambia Wakonyo.

"Nimeona hivyo."

Mvua ikashuka kabla hajabeba furushi. Mahali pa karibu palikuwa zizi la Ndanai, tukakimbilia humo wote wawili. Nieleze zizi hilo. Nililijenga Rebeccah alipoanza kuugua, kwa sababu alikataa mtu mwingine amkamue Ndanai, nami sikutaka anyeshewe. Nilitumia mabati mapya yaliyokuwa ya vyumba. Paa refu, limetoka nje pande zote, sakafu ya saruji, pande mbili wazi ili upepo upite. Alilitumia miezi minne.

Wakonyo alisimama katikati, pasipofikiwa na tone, akatazama mabati, akatazama upepo ukicheza na majani makavu sakafuni.

"Na hapa anakaa nani?"

"Ndanai."

"Ndanai ni nani?"

"Huyo."

Akamtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama.

"Mzee, huyu ndiye mpangaji wako wa maana. Sisi wengine unatutania." Akaanza kupiga hatua, akipima. "Hapa nyaya nane zinaingia. Mhamishe huyu dada nyuma ya jikoni, mjengee kadogo kake. Ukifanya hivyo nachukua chumba cha kwanza, na huyo mwalimu nitamrudisha mimi mwenyewe. Ni mteja wangu. Alishaniambia, hiyo nyumba ni nzuri lakini atakuwa anafundisha na sketi mbichi."

Alivua kitambaa chake kilichokuwa kimeloa, akanyoosha mkono kukitundika kwenye msumari uliokuwa kwenye nguzo. Msumari ulikuwa na koti la bluu.

"Hapo hapana," nilisema.

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Aliurudisha mkono. Akalitazama koti, mifuko yake, doa la maziwa makavu kifuani, akajua bila kuuliza. Akakiweka kitambaa begani kikiwa kimeloa hivyo hivyo.

"Pole, baba," alisema. "Nitapita kesho kutwa. Fikiria tu."

Kwa hiyo sasa mwenye kufikiria nilikuwa mimi.

Koti lile lilikuwa la kukamulia. Rebeccah alilivaa asubuhi na jioni, na siku ya mwisho aliyoweza kusimama alilitundika hapo, akaniambia nimpe Ndanai chumvi. Tangu siku hiyo sikuligusa. Nilipokuwa nikikamua nililiegemea kidogo kwa bega, basi. Kutoa zizi kwa watu ilikuwa kulitoa koti kwenye msumari, na sikujua likitoka hapo lingekwenda kukaa wapi. Nikasema moyoni, afadhali Nakuru. Nikienda huko, angalau koti litabaki mahali pake.

Lakini asubuhi, nikiwa nimeweka kichwa ubavuni mwa Ndanai na maziwa yakilia ndooni, nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nacho siku zote. Siku ya kwanza ya zizi hilo mvua ilinyesha kama ile iliyonikimbiza na Wakonyo. Rebeccah alimaliza kukamua, akasimama akiisikiliza juu ya mabati mapya. Alikuwa amefurahi kuliko siku niliyomletea simu. Akasema, "Kwambo Chemutai," ndivyo alivyoniita, baba Chemutai, "hapa hata nguo zingekauka."

Na mimi nilicheka. Nilisema, "Nguo na ng'ombe?" Nikachukua ndoo nikaenda. Aliniambia, na nilimsikia kama mtu anavyosikia redio akiwa anafanya kitu kingine.

Nikamaliza kukamua nikampigia Weldon.

"Lete misumari na waya," nilisema. "Mwingi."

"Rangi vipi?"

"Weldon, achana na rangi."

Kwa siku mbili tulimjengea Ndanai kibanda nyuma ya jikoni, na alikipenda mara moja, maana kinapata jua la asubuhi na yuko karibu na migomba. Tulisugua sakafu ya zizi mara tatu, tukapaka nguzo chokaa, tukafunga nyaya nane kutoka upande hadi upande. Weldon alifika kwenye nguzo yenye koti, akanyoosha mkono.

"Hilo niachie," nilisema.

Akakumbuka kwamba amesahau nyundo barabarani, akaenda kuitafuta. Nyundo ilikuwa mkononi mwake.

Nililitoa. Lilikuwa limekauka likawa na umbo la msumari begani. Mfukoni mlikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia, punje tatu za mahindi, na karatasi ya peremende. Daktari alikuwa amemkataza peremende. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikacheka peke yangu.

Kisha nikachukua beseni. Nina miaka sitini na moja na sikuwa nimewahi kufua koti. Niliweka sabuni mpaka povu likapanda hadi kwenye kiwiko, nikapiga, nikasugua, nikakamua. Wakonyo alifika katikati ya shughuli hiyo, maana ilikuwa ndiyo kesho kutwa yake.

"Unafua ama unaua nyoka?" aliuliza.

"Nafua."

"Punguza hasira. Suuza kwanza. Hilo povu litamaliza tanki."

Hakunipokonya, na nilimshukuru kwa hilo. Alisimama kando akiniambia lini nimwage maji, lini nikung'ute. Nilipolitundika, lilikuwa la kwanza kwenye waya wa kwanza, likidondosha maji kama lililotolewa mtoni. Saa nane mvua ikaja. Tulisimama tukilitazama. Upepo uliingia upande mmoja ukatokea upande wa pili, na koti likaanza kutikisa mikono.

"Haya," alisema Wakonyo. "Nipe ufunguo wa chumba cha kwanza."

Alihamia Jumamosi na mafurushi kumi na moja. Jumatatu akamleta Jerusa, na wakati huu mwalimu hakutazama juu. Alikwenda zizini, akavuta waya kujaribu nguvu yake, akauliza ni upi wake. Momanyi sikumtafuta mimi. Mkewe alipita barabarani akaona nepi za mtu mwingine zimetundikwa hapo kwangu mvua ikinyesha, za mjukuu wa Wakonyo, akageuka akaingia. Tuliandikiana mikataba mezani kwangu, na Jerusa akanisahihishia tahajia kwa kalamu nyekundu kabla ya kutia sahihi.

Shule zilifungwa Ijumaa. Chemutai alikuja Jumamosi na gari la kukodi, nafikiri kwa ajili ya kitanda changu. Alikuwa na mkoba mtupu mkononi, ule wa kubebea nguo zangu chafu. Alisimama langoni akitazama mapazia kwenye madirisha matatu.

"Hayo ni mahindi?" aliuliza.

"Gonga mlango uone."

Akagonga mmoja mmoja. Akasalimiana na Wakonyo muda mrefu kuliko nilivyopenda, maana nilisikia neno nyoka na wote wawili wakicheka. Kwa Jerusa alipewa chai. Mke wa Momanyi alimpa mtoto ambebe. Akarudi kwangu huku akihesabu kwa vidole, ingawa hesabu ilikuwa fupi.

"Na cha nne?"

"Cha nne ni chako ukija. Ukikawia nampa muuguzi."

Alitaka kujibu, lakini wingu la Mau lilikuwa limeshafika. Matone ya kwanza yalipiga kwenye mabati, na Chemutai, mtu mzima mwenye cheo benki, akatupa mkoba chini akapiga kelele, "Nguo!" Akakimbia. Alikimbia kama alivyokimbia akiwa na miaka kumi, mikono imenyooshwa mbele tayari kukumbatia chochote. Alikuwa amefika katikati ya uwanja alipogundua kwamba hakuna mwingine anayekimbia. Jerusa alikuwa mlangoni na kikombe chake. Mke wa Momanyi alikuwa akifunga kitambaa cha mtoto polepole.

"Wacha zikae," Wakonyo alimwita kutoka dirishani. "Hizo hazinyeshewi."

Chemutai alibaki amesimama na mvua ikimpiga, akitazama zizi limejaa nguo za watu: sketi za mwalimu, ovaroli la Momanyi, mashati yangu manne ambayo niliyafua mwenyewe, na mwanzoni kabisa koti la bluu. Nilimwita aingie. Aliingia ameloa mpaka kwenye mifupa, meno yakigongana, hajui kama analia au anacheka, na sikumuuliza.

Nililianua koti nikalijaribu kwa mkono. Lilikuwa kavu. Nikamvika. Mabega yalimtosha, mikono ikawa mifupi kidogo, na lilinuka sabuni tu.

Alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Kisha akauliza Ndanai amehamishiwa wapi, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa inakaribia.